Mchukuzi wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nianze na hasira, maana ndiyo niliyonayo. Watu wananiambia, dada, yameshapita, maji yakimwagika hayazoleki. Sawa. Lakini aliyeyamwaga bado anakunywa chai yake ofisini, na mimi niliyemshikia ndoo bado naamka kila siku jambo lile likiwa limenikaa kooni. Kwa hiyo nitalisema lote, na anayetaka kusahau asahau lake.

Mtu mwenyewe tulimwita Mzee Shina. Jina hilo alipewa na watu wa mashine pale kiwandani kwetu, kiwanda cha kuchapa vitabu, na walimpa kwa dhihaka. Ukimwambia "habari za asubuhi" kwa Kiingereza anakuuliza neno hilo lilizaliwa wapi na shina lake ni lipi. Watu walikuwa wanamkwepa kwenye ngazi. Yeye jina akalipenda, basi dhihaka ikawafia mdomoni.

Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Kabla kitabu hakijachapwa hutolewa kurasa za majaribio, sisi tunaziita prufu, na kwa kawaida ya kiwanda chetu zinasomwa na watu wawili. Mmoja anashika maandishi ya mwandishi anayasoma kwa sauti, kila kitu, hadi alama: herufi kubwa, mkato, nukta, aya mpya. Mwenzake ana prufu mbele yake na penseli mkononi, anafuata. Akiona tofauti anagonga meza kwa penseli, mara moja tu, na msomaji anasimama hapo hapo. Mimi nilikuwa msomaji. Nilimsomea Mzee Shina miaka ishirini na miwili, ndiyo maana mimi mwenyewe naitwa Sauti, na mume wangu alikuwa anasema usiku naota kwa nukta na mkato.

Siku ya kwanza kabisa alinipa sheria moja. Akaniambia, "Soma kilichopo. Usisome unachotaka kiwepo. Hata kama ni upuuzi, hata kama mwandishi kamtukana mama yako, soma hivyo hivyo kilivyo." Nikadhani ni rahisi. Jaribu wewe. Jicho la mtu ni danganyifu, linaona neno zima mahali palipo na nusu yake. Ilinichukua mwaka mzima kulivunja jicho langu hiyo tabia, na mwaka huo niligongewa meza mpaka masikio yakawa yanawasha.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta, feni iliyokuwa ikilia kila ikigeuka kushoto, na kabati la droo kumi na mbili. Ndani ya droo mlikuwa na kadi zake. Alizikata mwenyewe kutoka mabaki ya karatasi ngumu za majalada, zingine upande mmoja zina nusu ya picha ya twiga au kipande cha hesabu. Upande mweupe aliandika maneno ya Kiingereza yaliyobeba neno dogo tumboni, halafu chini yake, kwa mwandiko wa kukaza, akaandika kama lile dogo ni mtoto wa damu au ni mpangaji tu.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na nisingemwombea apone. Alikuwa anasema watu wanatazama maneno kama wanavyotazama watoto wa jirani, wakifanana pua basi baba mmoja. Siku moja fundi wa mashine kubwa, jamaa mjuaji kupita kiasi, alikuja akatangaza kwamba "history" maana yake ni hadithi ya mwanamume, kwa sababu mbele yake limekaa "his". Mzee Shina akamtazama kwa huruma. Akamwambia neno hilo limetoka kwa Wayunani, maana yake ni kuuliza na kutafuta, na hiyo "his" wala haijui imefikaje hapo. Fundi akabisha. Mzee akachukua kalamu ya wino na penseli, akaviweka mezani. "Hivi viwili je? Pen na pencil. Ndugu?" Fundi akacheka, "Mzee, hata kipofu." Mzee akamwambia, "Pen ni unyoya, unyoya wa ndege. Pencil ni mkia mdogo, brashi ya mchoraji. Hawajuani hata kwa salamu." Yule fundi alirudi kwenye mashine yake, na kwa wiki nzima mimi nikawa namwita Mkia Mdogo. Alistahili.

Droo ya kwanza ilikuwa ya neno moja tu: "port". Na hii lazima niieleze vizuri, maana ndiyo kesi yenyewe.

Baba yake Mzee Shina alikuwa mchukuzi kwenye stesheni ya reli. Stesheni hiyo ilikuwa bara kabisa, mahali ambapo bahari watu waliisikia tu kwa wasafiri. Yule baba alibeba mizigo ya watu mabegani miaka thelathini, na kwenye kifua cha shati lake la kazi palikuwa na beji ya shaba imeandikwa PORTER. Mzee Shina alijifunza kusoma kwa beji hiyo. Halafu akaona kwenye ukuta wa ghala pameandikwa TRANSPORT, kwenye masanduku EXPORT, akarudi nyumbani akamuuliza baba yake kwa nini jina lake la kazi limeandikwa kila mahali. Baba akamjibu, "Kwa sababu kila kitu lazima kibebwe na mtu."

Yule baba hakujua Kilatini, jamani, hakujua hata kuandika jina lake. Lakini alikuwa amesema kweli tupu. Mwanawe alikuja kuthibitisha kwenye makamusi miaka mingi baadaye: porter ni mbebaji, kutoka neno la kale la kubeba. Transport, kubeba hadi ng'ambo. Import, kubeba na kuingiza. Report, kubeba na kurudisha. Support, kubeba kwa kuingia chini. Na "port" ile ya bandari ni wa nyumba nyingine, amevaa shati la kufanana. Hata yuko porter mwingine, bawabu wa mlangoni, naye jina lake limetoka kwenye mlango. Mzee Shina aliyatenganisha yote hayo kadi kwa kadi, na beji ya baba yake aliitunza kwenye kopo la penseli.

Basi. Macho yake yakaanza kuondoka. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichopotea hakirudi. Mwanzo alikuwa anasogeza taa, halafu akawa anasogeza karatasi, mwisho akawa anaona vivuli tu. Msahihishaji kipofu, mwaka mmoja na nusu kabla ya kustaafu. Aliendelea kuja kazini kwa kushikwa mkono na mke wake, ambaye mimi namwita wifi, maana Mzee nyumbani nilikuwa namwita kaka. Alikaa kwenye kiti chake, nasoma, na alikuwa anagonga meza kwa yale aliyoyasikia hayana maana. Kwa masikio alikamata makosa ambayo wenye macho waliyapita.

Ndipo mwenye kiwanda, mama mmoja mtu mzima ambaye huja mara moja kwa mwezi, akasema kadi zile zitolewe kitabu cha shule kabla Mzee hajaondoka. Neno Ndani ya Neno, kingeitwa hivyo. Nilimchapia kadi zote mimi, jioni baada ya jioni, miezi mitano. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa wa "port". Mwishoni mwa ukurasa aliniambia niandike sentensi moja yake mwenyewe, ndiyo pekee katika kitabu kizima inayomhusu. Ilisema: "Mchukuzi wa kwanza niliyemjua alifanya kazi mahali ambapo bahari haifiki, na hakuna aliyebeba kuliko yeye."

Alinirudisha mara tatu kwenye mkato ule. Alikuwa anataka kitu kimoja tu kibaki baada ya macho na kazi kuondoka, nacho ni baba yake, ameandikwa kwa usahihi.

Sasa aingie Bwana Rahisisha. Huyu ndiye meneja wetu mpya, na jina nimempa mimi. Kila kitu yeye "turahisishe". Chumba cha wasahihishaji kilikuwa na watu sita, akarahisisha tukabaki watatu. Feni ilipokufa akarahisisha kwa kutuambia tufungue dirisha, lile linalotazama ukuta. Mtu mwenye tabasamu refu na kumbukumbu fupi. Alikuwa akimwona Mzee anampigia saluti na kumwita "maktaba yetu", na akishapita anauliza hivi yule bado yupo.

Pale kiwandani hakuna mtu anayesahihisha kazi yake mwenyewe, hiyo ni sheria ya zamani. Prufu ya kwanza na ya pili za kitabu cha Mzee nilizisoma na mwenzangu kijana, Mzee amekaa pembeni anasikiliza kama mgeni. Zilikuwa safi. Ikabaki prufu ya tatu, ya kuthibitisha. Vitabu vyetu huchapwa kwa makunjo, karatasi moja kubwa inakunjwa inatoa kurasa kumi na sita, na kila kunjo lina karatasi yake ya saini. Anayesaini anasema: nimesoma, kwa sauti, neno kwa neno, na nikikosea ni mimi. Karatasi hizo zinakaa kwenye faili jekundu, na mlinzi wa getini hatoi mzigo mpaka aone faili limetimia. Utaratibu huo aliuweka Mzee Shina mwenyewe, enzi hizo wakimcheka.

Ijumaa moja saa tisa mchana Bwana Rahisisha akaja na kunjo la tatu. Kurasa thelathini na tatu hadi arobaini na nane. Mashine inasubiri, akasema. Mwenzangu alikuwa ameitwa hospitali, mkewe anajifungua. Nikamwambia asubiri Jumatatu, lazima nisome na mtu. Akacheka. "Sauti, hii ni kazi ya Mzee. Unaijua kwa moyo. Kuna kosa gani litakalopita wewe?"

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikang'aa. Kweli niliijua kwa moyo. Nikafunua kurasa mbili tatu, nikaona mwandiko wa chapa niliouzoea, nikaona kila kitu nilichotaka kiwepo. Nikasaini.

Ndiyo. Mimi. Nyie mnaosema nimsamehe meneja, hamjui kwamba nikimalizana naye lazima nianze na huyu anayeongea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nakala ya kwanza ikatoka siku ya kumuaga. Wakasimamisha mashine saa nne asubuhi, watu wote wakakusanyika chumba cha kujalidi, kwenye meza ndefu yenye madoa ya gundi. Vitabu elfu tatu vimepangwa ukutani, vimefungwa kamba, lori la shule linakuja kesho yake. Wifi alimleta Mzee amevaa koti. Bwana Rahisisha akatoa hotuba, maktaba yetu, maktaba yetu, akamkabidhi kitabu. Mzee akakipapasa. Akakinusa. Akapitisha kidole kwenye uti wa kitabu kuona kama gundi imekaa sawa, mazoea hayaachi. Kisha akatoa beji mfukoni, ile ya shaba, akaishika kwenye kiganja, akanyoosha kitabu upande wangu. Hakuuliza nipo wapi, alijua.

"Sauti," akasema. "Ukurasa wa arobaini na moja. Nisomee baba yangu."

Nikafungua. Jambo la kwanza kuona lilikuwa picha ya meli. Meli kubwa, moshi, imechukua nusu ya ukurasa. Hatukuwa na meli. Nikajiambia labda ni pambo tu, na midomo tayari ilishaanza kazi kwa mazoea.

"Port," nikasoma. "Aya mpya. Port ni bandari, nukta. Maneno yote yenye port yametoka bandarini, nukta. Porter ni mtu wa bandarini, mkato, anayeshusha mizigo melini, nukta."

Sauti yangu niliisikia inatoka kama ya mtu mwingine. Watu walikuwa wanatabasamu, hawakujua lolote. Macho yangu yakatangulia mbele, nikaona mstari wa mwisho si wake.

Ningeweza kudanganya. Mjue hivyo. Sentensi yake naijua kuliko jina la mama yangu, ningeisema pale kwa ufasaha, Mzee angetabasamu, angekunywa chai yake, angekwenda nyumbani na kitabu kifuani. Nani angemwambia? Haoni. Wifi hajui kusoma. Lakini miaka ishirini na miwili haikufundishi kitu halafu kikuache siku unapokihitaji. Soma kilichopo.

Nikasoma. "Mchukuzi wa kwanza niliyemjua alifanya kazi bandarini, nukta."

Mzee Shina hakuwa na penseli. Aligonga meza kwa beji. Mara moja.

Akasema, taratibu kabisa, "Rudia mstari huo." Nikarudia. "Bandarini," akasema. "Nimesema mimi? Sauti, kunjo la tatu nani kasaini?"

"Mimi, Mzee."

"Ulisoma na nani?"

"Sikusoma."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alirudisha beji mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko kwa vidole viwili, kwa muda mrefu, kifungo kinamteleza na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamwambia mke wake, "Twende." Kitabu akakiacha mezani.

Nikamfuata Bwana Rahisisha ofisini kwake, na sikubisha hodi. Nikamuuliza nani kaugusa ukurasa ule. Akanijibu bila hata kuona aibu. Picha ya meli ilikuwapo kwenye kompyuta, imebaki kutoka kitabu kingine, nzuri, ya rangi, na sura ile ilikuwa kavu haina picha. Sasa picha ya meli na maneno ya kubeba mizigo stesheni vingekaaje pamoja? Ndipo akayarahisisha maneno yafuate picha.

"Na sentensi ya baba yake?"

"Ilikuwa inapingana na meli," akasema. "Dada, ni mstari mmoja. Watoto watafurahi. Halafu Mzee mwenyewe haoni, nani angejua kama usingeisoma?"

Kuna neno kwenye droo ya saba, "outrage", yaani kitendo cha kuudhi watu. Ukilitazama unaona "rage" ndani yake, hasira, unadhani ni hasira imetoka nje. Mzee aliandika kwamba sivyo. Neno hilo ni la Kifaransa cha kale, na limetokana na kupita, kuvuka mpaka, hasira haimo. Nilipokuwa nikichapa kadi hiyo nilimwambia, kaka, hili gumu, watu watabisha. Pale ofisini nikaelewa bila kamusi. Bwana huyu alikuwa amekwenda ndani ya kifua cha mtu, akamtoa baba yake kule alikobebea mizigo miaka thelathini, akamsimamisha kando ya meli asiyowahi kuiona ili picha isiharibike. Na akaona amemsaidia.

Nikamwambia achape upya kunjo la tatu. Akasema haiwezekani, vimeshajalidiwa, lori kesho. Nikamwambia haliondoki. Akatabasamu lile tabasamu refu. "Wewe ndiye uliyesaini, Sauti. Ukipiga kelele unajipigia mwenyewe."

Hapo alinikumbusha, maskini, kitu ambacho yeye hakukijua. Katika ule utaratibu wa Mzee kuna kifungu kidogo: aliyesaini anaweza kufuta saini yake kabla mzigo haujavuka geti. Sijawahi kuona mtu akifanya, maana ukifuta unajitangaza mbele ya kiwanda kizima kwamba ulidanganya. Nikashuka chini nikachukua faili jekundu. Nikatafuta karatasi ya kunjo la tatu, nikapiga mstari kwenye saini yangu, mstari mmoja, mnyoofu, nikaandika kando: Sikusoma. Nikampelekea mlinzi wa getini.

Mlinzi wetu ni mtu ambaye akiambiwa asiruhusu baiskeli, atamzuia mtoto mwenye tairi la kuchezea. Akavaa miwani yake, akalisoma faili. Akanitazama. "Hapa hamna saini."

"Hamna."

"Basi hamna lori."

Lori likaja asubuhi, likalala nje ya geti. Meneja akaamuru, akabembeleza, akamwita mlinzi ndugu yangu. Mlinzi akamwonyesha faili. Mchana mwenye kiwanda akapigiwa simu, akaja, akausoma ukurasa kwa kusimama, akauliza aliyeandika hivi ni nani, na kwa mara ya kwanza Bwana Rahisisha hakupata la kurahisisha. Lakini kunjo halikuchapwa upya. Mama alisema shule zinasubiri, itachapwa karatasi ya masahihisho ibandikwe juu ya ukurasa wa arobaini na moja, vitabu vyote elfu tatu, kwa mkono. Meneja akaandika ya kwake fasta: "Marekebisho madogo ya maelezo." Nikaichana mbele yake. Nikasema maneno atayaleta Mzee mwenyewe.

Nikaenda nyumbani kwa Mzee jioni hiyo, jua bado lipo. Wifi akanipokea mlangoni bila kunikaribisha. "Kaka yako hataki kuona mtu."

Sauti ikatoka ndani, "Sioni mtu hata akija. Mwache apite."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, koti la jana bado mwilini. Sikukaa. Nikamweleza yote, meli, picha, faili, geti, karatasi. Nikamwomba radhi, nikalia, nikamtukana meneja, nikajitukana mimi. Aliniacha mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Una kalamu?"

Akatamka, nami nikaandika. "Ukurasa wa arobaini na moja. Futa wote. Soma hivi." Akaurudisha ukurasa wake wote, kubeba hadi ng'ambo, kubeba na kurudisha, kubeba kwa kuingia chini, hakukosa hata neno. Ilipofika sentensi ya baba yake aliisema polepole, na mkato wake.

"Sasa mstari wa mwisho," akasema. "Andika: Ukurasa uliochapwa ulisainiwa bila kusomwa. Chini yake jina lako. Lile la kwenye kitambulisho."

"Kaka, karatasi ya masahihisho haiwekwi jina la mtu."

"Hii itawekwa."

Nikaandika. Vitabu elfu tatu, shule sijui ngapi, watoto wote hao. Nikaona afadhali angenipiga kofi.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma. Kwa sauti."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Nikasoma, herufi kubwa, mkato, nukta, aya mpya, kama siku zote, na yeye akainamisha kichwa kutega sikio, beji mkononi. Nikaisoma ya baba yake. "Mchukuzi wa kwanza niliyemjua alifanya kazi mahali ambapo bahari haifiki, mkato, na hakuna aliyebeba kuliko yeye, nukta." Nikakunja karatasi.

Akagonga mkono wa kiti kwa beji. Mara moja.

"Kuna mstari umeuruka," akasema.

Nikaikunjua karatasi. Nikausoma ule mstari, kisha nikalisoma jina langu, majina yote matatu, na nukta yake.